Mikindani kwa siku moja: jinsi ziara ya kuongozwa inavyoandaliwa kutoka Masasi na Newala

KWA wakazi wengi wa Masasi, Lukuledi na Newala, bahari ni kitu kinachosikika zaidi ya kinavyoonekana. Samaki wakavu wanaouzwa sokoni hutoka huko, chumvi hutoka huko, na ndugu waliokwenda Mtwara kutafuta kazi huko ndiko waliko. Hata hivyo, wapo watu wazima katika uwanda wa juu wa Makonde ambao hawajawahi kukanyaga mchanga wa pwani, ingawa safari ya kwenda na kurudi inaweza kukamilika kabla jua halijazama.

Miongoni mwa miji ya pwani iliyo karibu nao, hakuna ulio na mengi ya kusimulia kama Mikindani, mji mkongwe ulio umbali wa kilometa zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini. Ni mji mdogo, wenye vichochoro vinavyopanda mlima, nyumba za mawe zilizobomoka na ghuba iliyofungwa pande zote kama bakuli. Mgeni asiye na mtu wa kumweleza huupita kwa nusu saa, akapiga picha mbili, akaendelea na safari yake. Mwenye kiongozi mzuri anaweza kushinda hapo kutwa nzima na bado asimalize.

Ndiyo maana aina ya utalii inayojulikana kama ziara binafsi ya siku moja inastahili kuelezwa kwa kina, kwani wengi huidhania kuwa ni jambo la Wazungu na watu wenye fedha nyingi peke yao.

Kwa maelezo mafupi, ziara binafsi ni safari ambayo kikundi kimoja, iwe ni familia, marafiki au wafanyakazi wa ofisi moja, hukodi gari na kiongozi kwa ajili yao tu. Hawachanganywi na abiria wengine. Muda wa kuondoka, mahali pa kusimama na saa ya kula hupangwa kwa kadiri wanavyotaka wao. Malipo huwa ni ya gari na ya kiongozi, si ya kila kichwa, kwa hiyo watu watano wakichangiana hulipa kidogo kuliko anayesafiri peke yake.

Utaratibu huo umezoeleka sana Ulaya. Nchini Scotland, kwa mfano, mgeni aliyefikia katika jiji la Edinburgh huweza kumkodi kiongozi mwenye gari akampeleka hadi St Andrews, mji wa pwani ulio umbali wa kilometa 80 hivi, akaonyeshwa magofu ya kanisa kuu, ngome iliyo juu ya bahari, chuo kikuu kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 15 na viwanja maarufu vya gofu, kisha akarudishwa hotelini jioni. Viongozi wenye sifa za juu huko huvaa beji ya rangi ya bluu, ambayo haipatikani bila kusoma na kufaulu mitihani.

Mfano wa Scotland haukuchaguliwa kwa bahati tu. Mtu aliyelifanya jina la Mikindani lisomwe katika vitabu vya Ulaya alikuwa Mskoti: David Livingstone, aliyezaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, mwaka 1813, na ambaye utotoni alifanya kazi katika kiwanda cha pamba. Mji wake wa kuzaliwa umeigeuza nyumba aliyozaliwa kuwa makumbusho yanayopokea wageni hadi leo. Mikindani, alikoanzia safari yake ya mwisho, haijafika huko.

Livingstone aliwasili Mikindani Machi 1866 akitokea Zanzibar, baada ya kushindwa kupata njia ya kuingilia kwenye mdomo wa Mto Ruvuma. Alikodi nyumba kwa dola nne kwa mwezi, akashusha mizigo na wanyama wake, wakiwamo ngamia, nyati, nyumbu na punda, ambao alitaka kuona kama wangestahimili mbung'o. Bandari ya Mikindani ilimpendeza, na umbo lake alilifananisha na shupaza ya karata: mlango mwembamba, kisha maji yanatanuka ndani.

Kwa msafiri anayetoka Newala au Masasi, sehemu inayomhusu zaidi ni ile iliyofuata. Mwanzoni mwa Aprili 1866 msafara huo ulipoondoka pwani kuelekea bara, ulikuta pori lililoshikana kiasi kwamba ngamia hawakuweza kupita na mizigo yao. Waliokodiwa kufyeka njia kwa mashoka walikuwa Wamakonde. Vitabu vingi vya shule humtaja mgeni aliyepita. Waliomfungulia njia hawatajwi. Kiongozi anayejua kazi yake huanza na hao.

Katika msafara huo alikuwamo pia kijana Myao aliyeitwa Chuma, aliyekuwa ameokolewa kutoka utumwani mwaka 1861. Livingstone alipofariki dunia Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Chuma na mwenzake Susi ndio waliowaongoza wenzao kuubeba mwili hadi Bagamoyo, nao ukazikwa London Aprili 1874. Chuma baadaye aliajiriwa kuongoza misafara ya wamisionari wa UMCA katika nyanda hizi za kusini.

Hapo ndipo historia ya Mikindani inapogusana na ya Masasi yenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule mtaalamu wa Kiswahili aliyejenga kanisa kuu la Anglikana mahali palipokuwa soko la watumwa Zanzibar, aliondoka Lindi akiwa na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kusudi lilikuwa kuwarejesha katika nchi zao za asili kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika kwenye majabali ya Masasi, wakaona ardhi ni nzuri na maji yapo, wakakaa. Makazi hayo ndiyo chimbuko la misheni ya Masasi.

Amani haikudumu. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, walivamia makazi hayo, wakachoma na kuteka watu, na baadhi ya waliokuwa wameshaonja uhuru wakatekwa upya. Misheni ikahamishia nguvu zake Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa wamisionari.

Kwa maneno mengine, mkazi wa Masasi anayekwenda Mikindani kwa gari asubuhi anaifuata njia ambayo babu zake wengine waliipita wakiwa wamefungwa. Wanafunzi wa wilaya hizi husoma habari za biashara ya watumwa kana kwamba ni mambo ya Zanzibar na Bagamoyo tu, ilhali misafara ya Wayao kutoka ziwani ilikuwa ikishukia Kilwa, Lindi na Mikindani ikiwa na pembe za ndovu na wanadamu. Jambo hili lina uchungu wake. Katika ukoo mmoja huweza kupatikana aliyeuzwa na aliyeuza, na si kila mzee yuko tayari kulizungumza mbele ya wageni. Kiongozi asiye na busara huligeuza kuwa kichekesho au hadithi ya kutisha watoto.

Sasa tutazame safari yenyewe inavyokwenda.

Kutoka Masasi mjini hadi Mikindani kwa barabara ya lami inayopita Ndanda na Mnazi Mmoja ni takribani kilometa 200, yaani mwendo wa saa tatu kwa gari dogo lisilokimbizwa. Anayetoka Lukuledi huongeza muda wa kuifikia barabara hiyo. Wakazi wa Newala wana njia nyingine inayopita Tandahimba na Nanyamba hadi Mtwara mjini. Barabara yote ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilometa zipatazo 210, na imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, kipande cha kwanza kikiwa kilometa 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata. Ni vema kuuliza hali ya njia hiyo kabla ya kuondoka, hasa wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili.

Hesabu ya mafuta si ngumu. Kwenda na kurudi ni kilometa 400. Gari linalokwenda kilometa 10 kwa lita litahitaji lita 40, na akiba kidogo kwa mizunguko ya mjini. Kiasi hicho kikizidishwa kwa bei ya siku hiyo, kikaongezwa ukodishaji wa gari, posho ya dereva, malipo ya kiongozi na chakula, familia hupata picha kamili kabla haijatoa shilingi. Makosa ya wengi ni kukubaliana bei ya jumla mdomoni bila kuuliza ndani yake mna nini, kisha ugomvi unazuka barabarani dereva anapodai fedha za mafuta. Karatasi moja yenye saini mbili huondoa balaa hilo.

Aidha, Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayefanya biashara ya kusafirisha na kuongoza watalii awe na leseni. Si ufidhuli kwa mteja kuomba kuonyeshwa leseni. Gari nalo liwe limesajiliwa kubeba abiria wa kukodi, maana bima ya gari la mtu binafsi huweza kukataa kulipa likipata ajali likiwa na abiria waliolipa nauli.

Barabara yenyewe ni sehemu ya ziara, ingawa madereva wengi huipita usingizini. Ndanda kuna misheni ya Wabenedikti iliyoanzishwa mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuchomwa moto katika Vita vya Maji Maji. Hapo Ndanda ndipo aliposoma pia marehemu Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyefariki dunia Julai 2020 na kuzikwa kijijini kwake. Mbele kidogo, upande wa Nyangao na Mtama, ni eneo la Mahiwa. Kuanzia Oktoba 15 hadi 18, 1917, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana hapo moja ya mapambano makali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Waliouawa na kujeruhiwa walihesabiwa kwa maelfu, wengi wao wakiwa askari Waafrika, wakiwamo waliotoka Nigeria, achilia mbali wapagazi ambao hawakuhesabiwa sawasawa.

Suala la kupanga saa ya kufika ndilo linalotofautisha kiongozi wa kweli na mbabaishaji, na hapa inabidi kueleza habari za maji.

Ghuba ya Mikindani ni ya maji ya kujaa na kupwa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, katika pwani ya Tanzania maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi, jioni na usiku. Mgeni aliyetoka Masasi alfajiri akafika saa mbili au saa tatu katika siku hizo hukuta bahari inakimbia: tope, mikoko iliyoacha mizizi nje, mashua zimelala ubavu na kina mama wanaokota kombe. Ni mandhari ya kuvutia kwa anayeyajua, lakini watoto walioahidiwa kuogelea watalia.

Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, hali hugeuka. Maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na kupwa jioni, ingawa hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa kama wakati wa bamvua. Kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, mtu anaweza kuhesabu kwa kalenda ya mwezi iliyo ukutani. Anayetaka kupanda mashua na kuvuka ghuba achague siku zilizo karibu na nusu mwezi. Anayetaka kuona pwani inavyoishi na wavuvi wanavyorekebisha nyavu achague bamvua. Wavuvi hawahitaji kuelezwa hili. Watu wa bara ndio husahau.

Ndani ya mji ziara ni ya miguu. Kwa kawaida huanzia Boma, jengo jeupe lenye mnara lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 juu ya kilima. Walikuwa na sababu ya kujenga kitu kinachofanana na ngome. Mwaka 1888 wenyeji wa pwani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na mawakala wake wakatimuliwa Mikindani. Hawakurejea hadi mwaka 1890, wakiwa na jeshi. Boma hilo liliachwa likachakaa, hadi shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lilipolikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuligeuza hoteli, ambamo vijana wa hapo walifundishwa upishi na huduma kwa wageni. Kutoka juu ya Boma ghuba nzima huonekana, na ile shupaza ya Livingstone hueleweka bila maelezo.

Chini yake, karibu na barabara, lipo jengo linaloitwa Soko la Watumwa, ambalo matao yake yalizibwa kwa ukuta lilipokarabatiwa na kwa hiyo limepoteza sura yake ya zamani. Ipo pia nyumba yenye kibao kinachosema Livingstone alikaa hapo. Wachunguzi wa historia wanatilia shaka kwamba ndiyo nyumba aliyoikodi mwaka 1866, kwani inaelekea kujengwa baadaye. Kiongozi mwaminifu huwaambia wageni wake hivyo, tena bila kuona haya. Yapo magofu ya gereza karibu na gati, na mbuyu wenye uwazi ndani ambao husimuliwa kuwa wafungwa wakorofi walifungiwa humo. Hiyo ichukuliwe kama masimulizi.

Thamani ya Mikindani, hata hivyo, iko zaidi katika nyumba zisizo na kibao chochote. Hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikishikiliwa na boriti za mikoko, nyingine zikiwa na roshani za mbao na milango iliyonakshiwa. Baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa Juni 1873 wa kufunga masoko ya watumwa, wafanyabiashara wa mji, wakiwamo Wahindi na Waarabu, waliendelea na pembe, sandarusi na mpira, na nyumba nyingi zinatokana na fedha hizo. Ukuta wa chokaa ukikosa paa hauna maisha marefu. Maji ya mvua huingia juu, chokaa huyeyuka, mtini huotesha mizizi katika ufa, na ukuta huanguka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kihistoria, lakini mwenye nyumba asiye na kipato hawezi kuagizwa na sheria anunue boriti.

Kilichoufanya mji huu usimame ulipo ni kina cha maji. Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947, walihitaji bandari ya meli kubwa kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea. Mikindani haikufaa. Ikajengwa Mtwara, pamoja na reli iliyokwenda bara. Karanga zilishindwa, mpango ukaachwa mwaka 1951, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini Mtwara ilibaki na bandari na ofisi. Mikindani ikabaki na wavuvi, misikiti na wazee. Pengine bila karanga zile, mji mkongwe ungebomolewa zamani kupisha maghala.

Swali ambalo huulizwa ni nani anafaa kuongoza. Jibu la gazeti hili ni kwamba kijana wa Mikindani aliyefundishwa ni bora kuliko mtaalamu aliyetoka mbali na vitabu vyake. Yeye ndiye anayejua mlango gani ugongwe, mzee gani asalimiwe kwanza na wakati gani wa swala msikiti usikaribiwe. Anajua pia kwamba kumpiga picha mwanamke anayetwanga uani kwake bila kumwomba ni kuwavunjia heshima wenye nyumba. Kinachokosekana mara nyingi ni mafunzo: tarehe, lugha, na ujasiri wa kutenganisha linalojulikana na linalosimuliwa. Mafunzo rasmi hutolewa na Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi Dar es Salaam na Arusha, ambako kijana wa Mikindani asiye na mfadhili hafiki kwa urahisi.

Ipo pia hoja ya fedha kubaki mjini. Wageni wanaokuja na chakula chao kutoka Masasi, wakazunguka na dereva wao na kuondoka, huiachia Mikindani vumbi. Wali wa nazi na samaki uliopikwa na kina mama wa hapo, nauli ya mashua na ujira wa kiongozi ni fedha ndogo kwa kila mgeni, lakini ndizo sababu pekee za mwenye nyumba ya matumbawe kuona faida ya kuitunza badala ya kuyauza mawe yake.

Msimu mzuri kwa wakazi wa uwanda wa juu hujipanga wenyewe. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakishaingia, familia nyingi huwa na kitu mkononi kabla mvua hazijakolea. Shule nazo huweza kukodi basi badala ya gari dogo, ila kundi lisizidi wanafunzi ambao kiongozi mmoja anaweza kuwafikishia sauti katika kichochoro. Darasa zima likiingia kwa pamoja, walio nyuma husikia kelele tu.

Kuondoka kusizidi saa tisa alasiri, ili magari yafike Masasi kabla ya giza kuwa nene, kwani baiskeli na mifugo barabarani ni hatari usiku. Wanaotaka kununua samaki wabichi wafanye hivyo mwisho kabisa, baada ya ziara, na wawe wamebeba ndoo yenye kifuniko na barafu kutoka Masasi. Anayeona hayo ni usumbufu anunue waliokaushwa kwa moshi.